Rangi ya kupuliza au ya brashi kwa vijisanamu vya plastiki?
Kwa anayepaka rangi vijisanamu vya michezo ya mezani hapa Kampala, rangi ya msingi (tabaka la kwanza linalopakwa kabla ya rangi nyingine) ya kupuliza humaliza kazi kwa dakika chache, lakini katika mvua za Machi hadi Mei unyevu huweza kuifanya ikauke na chengachenga kama unga, na juu ya plastiki laini baadhi yake hubaki ikinata. Askari wangu mmoja mpaka leo hunasa nyuzi za shuka. Rangi ya msingi ya maji, ya brashi, huchosha, maana hudai matabaka membamba zaidi ya moja, na kijisanamu kisichooshwa kwa sabuni huitema kama jani la mgomba litemavyo maji. Hata hivyo nachagua brashi: kosa lake hufutika likiwa bichi, ilhali mpulizo mzito hufukia macho na vifungo.