Model 29 iliyotumika: ipi ya kununua, ipi ya kuiacha dukani

Rivolva zilizotumika za .44 Magnum, risasi yenye mshindo mkubwa, zina bahati yake: wengi walioziuza hawakuzipiga sana. Mtu hununua kwa hamu, hupiga boksi moja la risasi 50, mkono ukamuuma, silaha ikaishia kabatini. Ndiyo maana katika maduka ya silaha ya Marekani si ajabu kukuta Model 29 ya Smith & Wesson ya miaka 40 iliyopita ikiwa bado inang'aa. Tatizo ni kwamba bei hupangwa kwa mng'ao, na mng'ao hauelezi chochote kuhusu vyuma vya ndani.

Anza kwa kujua una toleo gani mkononi. Fungua silinda, hakikisha matundu yote 6 ni matupu, kisha tazama kwenye fremu pale mkono unaobeba silinda unapokaa ukifungwa. Utaona maandishi kama MOD 29-2. Ile tarakimu baada ya kistari ndiyo habari yenyewe. Silaha hii ilianza kutengenezwa mwishoni mwa 1955 na kupewa namba 29 mwaka 1957. 29-2, iliyotengenezwa miaka ya 1960 na 1970, ndiyo wanayoigombania wakusanyaji: mtutu wake umefungwa kwa pini na matundu ya silinda yamechimbwa ili kitako cha ganda kizame ndani. Mambo hayo mawili yaliondolewa mwaka 1982 ilipokuja 29-3, na bei ikashuka nayo. Kwa mpigaji hasara ni ndogo mno. Pini haiongezi shabaha hata chembe.

Udhaifu wa kweli wa zile za zamani ni mwingine. Walipoanza kuzipigia mashindano ya sanamu za chuma za masafa marefu, kwa risasi nzito na nyingi, ilionekana kwamba mshindo wa kurudi nyuma hurusha kizuizi cha silinda kikatoka kwenye noti yake, yaani kijishimo cha kwenye silinda kinamokaa. Silinda hurudi nyuma tundu moja. Ukivuta nyundo tena unaangukia ganda lililokwisha kupigwa, unasikia "ta" tu. Kiwanda kilianza kuimarisha vyuma vya ndani mwishoni mwa miaka ya 1980, na 29-5 ya mwaka 1990 ikapata noti ndefu zaidi kwenye silinda. Kwa hiyo anayetaka silaha ya kuwinda paa na kufanyia mazoezi kila mwezi kwa risasi kali, atafute 29-5 kwenda mbele, au ndugu yake ya chuma kisichoshika kutu, 629, ya kipindi hichohicho. 29-2 mpe anayependa kuimiliki na kuipigia risasi za kawaida za greni 240 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi), tena kwa kiasi.

Sasa ukaguzi. Omba ruhusa ya muuzaji kabla ya kufyatua silaha tupu, na uje na maganda matupu au risasi bandia 6. Maganda hayo yana kazi: nyota ya kutolea maganda hucheza kidogo ikiwa matundu ni matupu, na unaweza kuilaumu silaha nzima bure. Vuta nyundo polepole sana huku kidole gumba cha mkono wa pili kikiigusa silinda kuizuia kidogo. Silinda lazima ijifunge kabla nyundo haijafika mwisho au papo hapo inapofika. Fanya hivyo kwa matundu yote 6, kisha rudia kwa kuvuta kifyatulio peke yake polepole. Tundu moja likichelewa, kidole kinachosukuma silinda kimelika au jino moja la nyota limechakaa. Ni kazi ya fundi bunduki, si mwisho wa dunia, lakini ishushe bei.

Nyundo ikiwa imevutwa nyuma, isukume kwa gumba kutoka nyuma, kwa nguvu ya kawaida, bila kugusa kifyatulio. Ikianguka, irudishe kwenye kabati la kioo. Hapo kuna mtu aliyepiga tupa ndani ili kulainisha kifyatulio. Dalili yake nyingine ni skrubu iliyo mbele ya mpini, chini, inayokaza springi kuu: ikiwa imelegezwa, kifyatulio kinakuwa laini dukani na risasi zinagoma kuwaka porini. Inatakiwa iwe imekazwa mpaka mwisho.

Kipimo kinachorukwa na wengi huchukua dakika mbili na fila geji ya fundi magari, vile vibamba vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi. Funga silinda, isukume nyuma, upime nafasi kati yake na mtutu. Isukume mbele, upime tena. Tuseme ya kwanza ni milimita 0.20 na ya pili 0.12: tofauti, 0.08, ndiyo mchezo wa silinda wa mbele na nyuma, na hapo upo mpakani. Ikizidi, silinda inagonga fremu kama nyundo kila risasi, na mchezo unajiongeza wenyewe. Tiba ni rahisi, kuna pete nyembamba za unene wa milimita 0.05 za kuweka ndani ya silinda. Nafasi yenyewe ikiwa kati ya 0.10 na 0.20 ni nzuri, ikivuka 0.30 mtutu unahitaji kurudishwa nyuma, na gharama ya kazi hiyo inaweza kumaliza unafuu wote wa bei.

Mulika tochi ndogo nyuma ya mtutu, pale risasi inapoingia. Mikwaruzo myepesi ni ya kawaida. Nyufa, au uso uliochimbika kama ganda la chungwa, ni kazi ya risasi nyepesi za greni 180 zilizojazwa baruti nyingi ya punje za duara. Mstari uliokatwa na moto chini ya daraja la fremu, juu ya silinda, huwatisha watu kupita kiasi: hukua hadi kina fulani kisha husimama. Kinachoniogopesha zaidi ni noti za silinda zilizovimba kingo, maana hizo zinasema silaha imelishwa risasi kali.

Ganda likikwama kuingia kwenye tundu, usikimbilie kusema tundu limeharibika. Mwenye nayo huenda alipiga .44 Special, risasi inayoingia tundu hilohilo ila ganda lake ni fupi kwa milimita 3 hivi, ikaacha pete ya masizi mbele. Brashi ya shaba na dakika tano zinatosha. Na kama silinda haifunguki kabisa, fimbo ya kutolea maganda huenda imejifungua. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyuzi zake ni za mkono wa kushoto, kwa hiyo kaza kinyume na mazoea.

Alama za bisibisi kwenye ukingo wa bamba la ubavuni, lile linalofunika vyuma vya ndani, zinatosha kukufanya uondoke. Anayejua kazi hulegeza skrubu na kugonga fremu kwa mpini wa mti mpaka bamba lijiinue. Aliyelibandua kwa bisibisi alifanya mengine pia ndani.

Kama unawaza kupiga tu na hujali jina, Ruger Super Blackhawk ni ununuzi wa busara zaidi kwa pesa hizo. Ni nzito, inajazwa risasi moja moja kupitia mlango wa pembeni, na haina haraka ya kuchakaa. Zilizotengenezwa kabla ya 1973, zenye skrubu tatu ubavuni, hubebwa na risasi 5 tu, nyundo ikikaa juu ya tundu tupu, isipokuwa zimebadilishwa na kiwanda. Kiwanda hubadilisha bila malipo na hurudisha vyuma vya awali. Vidai kwa muuzaji, vina thamani kwa wakusanyaji.

Upande wa karatasi: ukinunua mtandaoni kutoka jimbo jingine, silaha hutumwa kwa muuzaji mwenye leseni jimboni kwako, unajaza fomu 4473, fomu ya shirikisho ya kununua silaha, na kukaguliwa; kwa muuzaji huyo uwe na miaka 21. Mwenye green card anaruhusiwa kwa sheria ya shirikisho. Mwenye viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi, ila kwa misamaha michache kama leseni halali ya uwindaji, na baadhi ya majimbo yana masharti yake ya ziada. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji wa mbali siku 3 za ukaguzi kwa maandishi, na picha ya noti za silinda kwa karibu.