Nilisema dawa ya pua ni feki, nafuta kauli (lakini duka silisamehi)

Sijui nianze na dawa au na yule kijana wa dukani. Naanza na kijana, maana bado ana deni langu.

Pua yangu huziba kila msimu wa karafuu. Kwetu Wete, Pemba, majamvi huanikwa mpaka mlangoni, na nikikesha nachambua, alfajiri nahemea mdomo. Safari hii daktari akaniandikia flutikasoni, ile ya kupuliza puani. Nikenda Chake, duka moja la dawa, silitaji jina. Nikamuuliza muuzaji, "Mwanangu, hii naitumiaje?" Hata macho hakuyatoa kwenye simu. "Mama, dawa ya pua unatia puani. Kuna jengine?" Nyuma yangu watu wakacheka.

Karatasi iliyomo ndani ni Kiingereza kitupu, herufi kama mayai ya sisimizi. Basi nikaitia nijuavyo mie. Kichwa juu kama natiwa dawa ya macho, nabonyeza, navuta kwa nguvu zangu zote. Inanukia kama waridi, na hilo waridi nikawa nalimeza kila asubuhi, koo kama nimekunywa mrashi mzima. Siku ya nne au ya tano tundu la kushoto likatoa damu. Nikakibwaga kichupa kapuni, na kila aliyekaa barazani nikamwambia: feki ile, msinunue.

Ikawa mtoto wa dada yangu, muuguzi, kaja kunitazama. "Mamdogo, hebu nioneshe unavyoitia." Nikamuonesha. Akacheka mpaka akakaa chini (cheko lake halikuniudhi, yeye alicheka halafu akanifunza).

Kumbe kooni dawa hii haina kazi. Kazi yake iko kwenye kuta za pembeni ndani ya pua, kwenye ile mikunjo mitatu ya nyama kila upande, ambayo ndiyo inayovimba. Ukiinua kichwa na kuvuta kwa pupa, inaipita na kuteremka tumboni. Na ukuta wa kati una vishipa vyembamba vya damu. Mie nilikuwa naupiga huo huo kila siku, lazima uchubuke. Namna ya kuitia ni hii: unapenga kwanza. Unatikisa kichupa, na kikiwa kipya unapuliza hewani mpaka utoke umande. Unainama kidogo kama unatazama vidole vya miguu. Tundu la kushoto kwa mkono wa kulia, la kulia kwa mkono wa kushoto, ili ncha ielekee upande wa sikio. Halafu unavuta polepole, kama unanusa kikuba. Ukiihisi kooni, ujue imekupita. Tena ni ya kila siku, huenda ikapita wiki mbili ndipo uione faida yake. Si kama zile za kuzibua papo hapo, ambazo ukizidisha siku chache tu pua huziba kuliko mwanzo.

Maneno yote hayo dakika mbili. Dakika mbili kijana hakuwa nazo!

Nikakitoa kichupa kapuni, nikakifuta ncha. Wiki ya pili, usiku, nimelala, nikasikia harufu ya karafuu zangu mwenyewe kutoka ukumbini. Nilikuwa nimeisahau. Niliinuka nikakaa kitandani nanusa tu, kama mwehu.

Kwa hiyo dawa nzuri. Nzuri sana. Ingawa mtengenezaji anayeuza kwetu na karatasi ya Kiingereza peke yake, naye ana lake. Na duka... nilitaka kuandika msende, lakini kichupa cha pili nimekinunua pale pale, kwengine nilikuta imekwisha. Kijana hakunikumbuka. Nyuma yangu mzee mmoja kashika kichupa kama changu, nikamgeukia: "Baba, ukiitia usiinue kichwa, inama, elekeza sikioni." Nikamuonesha kwa mikono, kulia kwa kushoto, mpaka akafahamu.

Safari hii kijana macho kayatoa kwenye simu. "Mama, unanizuilia wateja."

Khaa!