Antivairasi ya kulipia nimeitoa, nimebaki na ile iliyokuja na Windows

Laptopu yetu ya nyumbani ina RAM ya GB 4 na hadidiski ile ya kuzunguka, ikizidiwa inalia kama cherehani. Kwa miaka miwili niliiwekea kifurushi kizima cha kulipia: antivairasi, faiwoli (ukuta wa kuchuja mawasiliano ya mtandao), VPN ya kuficha mawasiliano, cha kutunzia nywila, na kingine cha "kusafisha kompyuta" ambacho hadi leo sijui kilisafisha nini. Jina nalihifadhi.

Virusi sikuwahi kupata, kwa hilo siisemi vibaya. Kilichonishinda ni makelele. Kila asubuhi kidirisha kinachomoza pale kona ya chini: una hatari tatu, lipia ulindwe. Nimeshalipia jamani! Nikibonyeza, hatari zenyewe ni huduma za ziada ambazo sijanunua. Siku moja faiwoli yake ikauona mtandao wa nyumbani kuwa wa ugenini, printa ikatoweka. Nilizima na kuwasha ruta mara nne na kumgombeza mwanangu bure kabla sijamjua mchawi. Mwaka ulipoisha, pesa ikakatwa yenyewe kwenye kadi. Hapo ndipo nilipoiondoa.

Ukiondoa ya kwako, tafuta programu ya kufutia mabaki kutoka kwa watengenezaji walewale, wengi wanayo na ni ya bure. Vipande vya faiwoli ya zamani vikibaki vinaweza kuvuruga mtandao. Mimi nilipowasha upya, Microsoft Defender, ile antivairasi inayokuja na Windows, ikaamka bila kuitwa. Ndivyo ilivyoundwa: ukiweka antivairasi nyingine hujiweka kando, ukiitoa hurudi lindoni. Wanaoshauri kuweka mbili ili kinga iwe kali siwaelewi. Zote mbili zikilinda muda wote, zinagombania faili moja na anayeumia ni kompyuta.

Sifa ya zamani ya Defender naijua. Wakati wa Windows Vista ilikamata programu za kijasusi tu, ikawa antivairasi kamili kwenye Windows 8, mwaka 2012, na hata hapo watu waliicheka. Siku hizi kwenye majaribio ya maabara zinazopima antivairasi, AV-TEST ya Ujerumani na AV-Comparatives ya Austria, husimama bega kwa bega na za kulipia. Nami niliipima kwa EICAR, mstari wa herufi 68 usio na madhara, uliotungwa ili antivairasi ziuchukulie kama kirusi. Niliubandika kwenye Notepad, nikahifadhi, na kabla sijafungua folda faili halipo. Jaribio hilo linaonyesha mlinzi hajalala. Uhodari wake ni habari nyingine.

Kasoro zipo. Kuskani kompyuta nzima kwenye hadidiski kama yangu ni kazi ya kuachia usiku. Halafu kile kipengele cha kuzuia programu zinazofunga mafaili yako na kudai kikombozi huja kimezimwa. Fungua Windows Security, ingia sehemu ya virusi, shuka hadi chini kabisa, ukiwashe mwenyewe. Kitazuia hata programu halali ambayo hakiitambui, nawe utairuhusu mojamoja.

Faiwoli ya Windows imekuwa ikija imewashwa tangu Windows XP ilipopata sasisho kubwa la Service Pack 2, mwaka 2004. Inachozuia hasa ni wanaobisha hodi kutoka nje. Kinachotoka ndani kwa kawaida inakiachia, kwa hiyo programu mbaya ikishaingia inaweza kupiga simu kwao bila kuulizwa. Nilijaribu faiwoli moja ya bure inayouliza ruhusa kwa kila kinachotoka. Siku ya kwanza nilisoma kila swali. Siku ya tatu nilikuwa nabonyeza "ruhusu" huku naangalia pembeni, nikaifuta. Cha maana zaidi niliona ni kuweka mtandao wa nyumbani kuwa wa binafsi, na wa kwingine kokote kuwa wa umma.

Wenye vifaa vingi vya aina mbalimbali, wanaotaka kuvisimamia vyote sehemu moja na kuwa na mtu wa kumuuliza, walipie tu. Ila antivairasi haizibi matundu ya mfumo wenyewe. WannaCry, programu ya kufunga mafaili na kudai kikombozi, ilipotapakaa Mei 2017, kiraka (sasisho la kuziba) cha tundu ililopitia kilikuwa kimetoka tangu Machi, na walioumia ni ambao hawakukiweka. Windows 10 nayo, msaada wake wa kawaida, ndio uliokuwa ukileta viraka, uliisha 14 Oktoba 2025.

Jambo jingine nililofanya ni kumpa mwanangu akaunti ya kawaida, isiyo na mamlaka ya kubadili ulinzi. Wiki iliyopita kaja amenuna: "Baba, kompyuta imekula gemu langu." Kutazama karantini, pale Defender inapofungia mafaili mabaya, nikakuta faili la kuiba pointi alilolipakua mahali, limeandikwa Trojan, yaani programu mbaya inayojifanya njema. Bado ananiomba nywila.