Uzoefu wangu: mwanangu alimeza dawa za maumivu miezi minne kabla mtu hajamvua shati

Kijana wangu ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Mgongo ulianza kumsumbua Februari, na wa kwanza kutomwamini nilikuwa mimi mama yake. Nilijua anakwepa kuchota maji. Baba yake akasema ni begi la madaftari.

Zahanati ya kwanza tuliyokwenda hapa Moshi (jina naliacha) walitupa diklofenaki na dawa ya kupaka. Ya pili wakaongeza sindano. Ya tatu wakasema anarefuka haraka, mifupa inavutika, atazoea. Kote huko alikaa kwenye kiti na sare yake ya shule, akaulizwa panauma wapi, akaonyesha kwa kidole, wakaandika.

Katikati ya hapo nikanunua mkanda wa mgongo duka la dawa, shilingi 35,000, ule wa lastiki wenye vyuma nyuma. Sikushauri uununue. Akiketi unajikunja tumboni, na usiku, saa ambazo maumivu ndiyo yanapamba moto, haulaliki.

Bibi yake wa Kibosho akasema tuache mambo ya vidonge, akatuletea mzee mmoja anayechua. Nilikubali kwa kuchoka tu. Mzee akamwambia avue shati, alale kifudifudi. Akapitisha vidole mara moja kwenye uti wa mgongo, akarudi juu kidogo, akasimama pale. Akashika mkono wangu na kuuweka: palikuwa na kinundu, kidogo kama punje ya mahindi chini ya ngozi. "Mama, huu mimi sichui. Mpeleke hospitali." Akakataa hata nauli.

Tukapata rufaa ya KCMC, hospitali kubwa ya rufaa hapa Moshi, na hapo maswali yakawa mengine kabisa. Maumivu yanamwamsha usiku? Ndiyo. Anapata homa jioni, anatoka jasho akilala? Ndiyo, nilidhani malaria. Amepungua? Hapo niliona aibu, kwa sababu suruali yake ya shule nilishaibana kiuno mara mbili kwa mkono wangu, nikijisemea urefu ndio unamkondesha. Tukaulizwa hata kama nyumbani tunakunywa maziwa yasiyochemshwa, maana bruselosisi, ugonjwa wa mifugo, nao hukaa mgongoni.

Eksirei ilionyesha pingili mbili zimeliwa upande wa mbele na nafasi kati yake imebanana. Kisha CT skani, kisha wakachukua sampuli kwa sindano. Jibu: TB ya uti wa mgongo.

Nikabisha. "Dokta, huyu hakohoi!" Akanieleza taratibu kwamba vijidudu husafiri na damu kutoka kwenye mapafu hadi kwenye mfupa, na mgonjwa anaweza asikohoe hata siku moja. Baadaye nilisoma kwamba Pott, daktari Mwingereza, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1779. Na mwanangu alikuwa anapakwa jeli.

Jiandae kwa mambo mawili ambayo mimi yalinishtua: mtoto atapimwa VVU, ni utaratibu kwa kila mgonjwa wa TB, na nyumba nzima mtachunguzwa. Usichukulie kama tusi.

Dawa za TB ni bure. Miezi miwili ya mwanzo ni aina nne kwenye kidonge kimoja, halafu aina mbili kwa miezi kumi, maana TB ya mfupa haitoshi ile miezi sita ya kawaida. Siku ya kwanza alipiga kelele chooni, mkojo umekuwa wa rangi ya chungwa. Ni dawa tu, nasi tulikuwa tumeambiwa, ila nani anakumbuka saa hiyo. Tuliambiwa pia kwamba miguu ikianza kufa ganzi au akishindwa kuzuia mkojo, tusisubiri siku ya kliniki.

Kilichonifurahisha zaidi ni gamba la mgongo, lile gumu la kuvaa kiwiliwilini ili kushikilia uti wa mgongo. Lilitengenezwa karakana ya viungo pale pale KCMC, ambako pia kuna TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia. Alivalishwa fulana ya kubana, akazungushiwa bandeji za plasta zilizoloweshwa kuanzia kwapani hadi nyongani. Plasta ikawa ya moto ilipokuwa inakauka, akacheka, na sikuwa nimemsikia akicheka muda mrefu. Wakaikata, ndiyo ikawa kipimo cha gamba la plastiki. Wiki ya kwanza kona ya chini ilimchubua. Tukarudi, fundi akaweka alama kwa kalamu, akaipasha moto, akaikunja kwa nje. Gharama tulichangiwa na shangazi zake. Kwa joto hili la Novemba, fulana nyepesi ya pamba ndani yake ni lazima, na uwe nazo tatu.

Sasa yuko mwezi wa tano wa dawa. Tangu wiki ya sita analala hadi asubuhi, na suruali nimeifumua upindo mmoja. Kinundu tumeambiwa hakitaondoka. Kila Jumapili akitoka kuoga anakipima kwa kidole gumba, eti aone kama kimekua. Hakijakua.