Kukesha na Headbangers Ball na Rage: uzoefu wangu

Kama shida yako ni video moja ya bendi unayoipenda, vipindi hivi viwili vya televisheni, vya video za muziki, havikuhusu. Itafute, itazame, ulale. Mimi huvitazama kwa sababu napenda mtu mwingine anichagulie, nami nisijue kinachofuata.

Headbangers Ball, kipindi cha hevi metali, kilianza MTV ya Marekani Aprili 1987, kikirushwa usiku wa manane wa Jumamosi. Leo kinapatikana kwa hisani ya mashabiki waliokirekodi kwenye mikanda ya VHS, kisha wakaipandisha YouTube. Ubora ni wa kuvumilia: picha inatetemeka kwa chini, besi haisikiki, na mara nyingine mrekodi amesimamisha mkanda akidhani matangazo yameanza, kumbe gitaa bado linalia. Hata hivyo, tafuta kipindi kizima. Vile vipande vya "bora zaidi" vinaua ladha yote.

Nasema hivyo kwa sababu ya mpangilio. Mikanda ya mwishoni mwa miaka ya themanini imejaa vijana wa nywele zilizopulizwa dawa, suruali za kubana na mashabiki wanaopiga kelele. Nyimbo zao za mapenzi zinachosha, sitaficha. Halafu, katikati ya mng'aro huo, inaingia "One" ya Metallica, video yao ya kwanza kabisa, ya mwaka 1989: nyeusi na nyeupe, bendi ikipiga ndani ya ghala, na vipande vya filamu ya Johnny Got His Gun vikimwonyesha askari aliyebaki bila mikono wala miguu. Nilikuwa nimeshaiona mara nyingi peke yake. Ilipokuja baada ya yale mapambo yote ndipo iliponishika koo.

Kipindi kilinoga zaidi kwangu chini ya Riki Rachtman, aliyekiongoza kuanzia 1990 hadi kilipoondolewa hewani 1995. Alitoka kwenye klabu ya Cathouse ya Hollywood, na inaonekana: anahoji kama mtu wa kijiweni, maswali mengine hayana kichwa wala miguu, lakini wanamuziki wanalegea mbele yake. Mwaka 1991 Kurt Cobain wa Nirvana alikuja amevaa gauni la njano la dansi, akamwachia mwenzake wa bendi, Krist Novoselic, sehemu kubwa ya mazungumzo. Sehemu ninayoirudia zaidi ni ile ya Alice in Chains wakiteleza kwenye maji katika bustani ya Action Park, New Jersey. Bendi yenye nyimbo nzito kama msiba, imevaa kaptula za kuogelea! Hakuna mahojiano ya studioni yangeweza kunipa hiyo.

MTV2, chaneli ndugu ya MTV, ilikifufua mwaka 2003, Jamey Jasta wa bendi ya Hatebreed akiwa mtangazaji. Metali iliongezeka na sauti ilikuwa safi. Nakiheshimu, ila sikikeshei.

Rage cha ABC ya Australia nacho kilizaliwa Aprili 1987, na tofauti na mwenzake hakijawahi kuzimwa. Hakina mtangazaji, na kwa kuwa ABC ni shirika la umma, hakina matangazo ya biashara. Video inafuata video hadi alfajiri. Shabiki wa hevi metali pekee atanung'unika, maana roki inachanganywa na pop, dansi na mengineyo. Utamu uko kwenye usiku wa wageni: wanamuziki wanakaa kwenye kochi jekundu na kutaja wanachotaka kirushwe. Hapo ndipo unapogundua kwamba mpiga gitaa mwenye sura ya kutisha anapenda pop laini kuliko dada yako.

Kukitazama moja kwa moja ukiwa nje ya Australia ni kazi. Njia yangu ni kuchukua orodha ya nyimbo ambayo kipindi huichapisha kwenye tovuti yake na kuzipiga kwa utaratibu uleule, bila kuruka hata moja. Ukiruka tu, umerudi kujichagulia mwenyewe.

Rage nakipa nyota nne na nusu kati ya tano. Headbangers Ball nyota nne. Ile moja nimeikata kwa sababu ya nyimbo za mapenzi. Kwa anayeanza, mikanda ya 1991 na 1992 ndiyo mizuri zaidi, kwani bendi za Seattle kama Alice in Chains zimeshaingia na wale wa nywele bado hawajaondoka. Vaa spika za masikioni. Majirani hawajaomba kukesha nawe.