Mashine ya ndevu: usinunue inayosifiwa kwamba inafika ziro

Nilinunua mashine ya ndevu Kariakoo kwa shilingi 45,000, na siku ya tatu shingo ya mume wangu ilikuwa imejaa vipele kuanzia chini ya taya hadi usawa wa ukosi wa shati. Vingine vilitunga usaha. Kimoja nilikimulika kwa tochi ya simu nikakitazama kwa karibu: unywele mmoja mweusi umejikunja chini ya ngozi kama uzi ulionasa ndani ya pindo. Nilishasingizia maji ya kisima. Nilishabadilisha sabuni. Kumbe kosa lilikuwa kwenye mashine niliyoichagua mwenyewe.

Winga, yaani dalali wa mtaani, aliyenipeleka dukani aliisifu kwa jambo moja tu: "Dada angu, hii inashuka mpaka ziro, inabaki ngozi tupu." Hata kwenye boksi iliandikwa 0 mm kwa herufi kubwa. Sifa hiyo ndiyo iliyotuumiza.

Nywele zetu zimejisokota. Ndevu ikikatwa chini kabisa inabaki na ncha kali, na inapoota upya inajipinda, inatoboa ngozi na kuingia tena ndani. Mwili unaichukulia kama mwiba. Panavimba, panawasha, na pakipona panabaki doa jeusi. Nyembe za kunyolea zenye makali mawili yaliyopangana, ambazo Gillette ilianza kuziuza mwaka 1971, na zile za makali matatu na zaidi zilizofuata, ndizo mbaya zaidi kwa ngozi ya namna hii, kwa sababu kali la kwanza linauvuta unywele, la pili linaukata, kisha kisiki kinarudi kuzama chini ya ngozi. Ukiacha milimita moja hivi juu ya ngozi, ncha haipati njia ya kurudi ndani.

Ndiyo maana siku hizi siulizi betri inakaa na chaji muda gani, wala kama kuna kioo cha kuonyesha asilimia. Naigeuza mashine natazama meno. Kuna vyuma viwili: kimoja kimetulia, ndicho kinachogusa ngozi, kingine kinakimbia juu yake. Meno ya kile kinachokimbia yanatakiwa yarudi nyuma kidogo, kama unene wa kadi ya benki. Yakilingana na ya chuma kilichotulia, yanalamba ngozi yenyewe. Inua mashine usawa wa macho, uielekeze kwenye taa ya dukani, utaona. Kisha ncha za meno: ziwe zimeviringwa. Omba ipanguswe kwa spiriti, iwashe, ilaze kwenye ngozi laini ya upande wa ndani wa mkono, ivute taratibu bila kubonyeza. Ikiacha mistari myeupe, mrudishie mwenyewe. Ile ya kwangu niliijaribu hivyo nikiwa nimeshafika nyumbani, ikaacha mistari minne, na mmoja ukatoa damu.

Kinyozi wetu alilegeza skrubu mbili za chini akakisogeza nyuma chuma kinachokimbia. Kukwaruza kukapungua, lakini likabaki tatizo la vitana, vile vya plastiki unavyoivalisha mashine ili kuamua urefu wa ndevu utakaobaki. Wengi hatujui kwamba "namba moja" ya saluni ni milimita 3, siyo 1. Boksi langu lilikuwa na vitana vya 3, 6, 9 na 12. Anayetaka ndevu fupi, zile za siku mbili tatu, anahitaji 1, 1.5 au 2, na hapo katikati ya ziro na 3 hakukuwa na kitu. Mume wangu alikuwa anachagua kati ya kufuga na kujikwangua.

Nafasi ya kwanza naipa Philips, na upendeleo wangu siufichi. Ninayoisema ni ile mashine ya ndevu ya daraja la 3000, yenye gurudumu unalolizungusha kwa kidole: inapanda nusu milimita kwa nusu milimita, kuanzia 0.5 hadi 10. Ncha za meno yake zimeviringwa na kitana hakipindi ukikiegemeza shingoni. Mume wangu anaiweka kwenye 1, anafuata uelekeo wa ndevu zinavyoota, havuti ngozi, na shingo imetulia. Kama fedha yako inatosha mashine moja tu, nunua hiyo.

Ya pili ni Wahl, Wamarekani walioanza kazi hii mwaka 1919. Injini yake ina nguvu, na kitana chao cha namba nusu kinaacha milimita 1.5. Ni nzito kwa mtu anayejinyoa shingo mwenyewe mbele ya kioo. Halafu kama umeletewa na ndugu kutoka Marekani, soma kibandiko kabla ya kuchomeka: iliyoandikwa 120V peke yake itaungua kwenye umeme wetu wa 230V.

OneBlade, ya Philips pia, iliyotoka mwaka 2016, naiweka ya tatu. Ni laini kwa ngozi, mradi uivalishe kitana chake cha milimita 1. Ila kichwa chake cha kukatia kampuni yenyewe inashauri kibadilishwe kila baada ya miezi minne, na hiyo ni gharama isiyokwisha.

Zile za chini ya elfu thelathini, kama huna namna, zifanyie jaribio la mkono na udai kitana kidogo. Sina zaidi ya hapo la kuzisifia.

Na sasa niseme linalonikera. Milango miwili kutoka pale niliponunua, mashine ile ile, boksi lile lile, ilikuwa inauzwa 28,000. Elfu kumi na saba ilikuwa ya winga, na hakuna aliyeniambia. Nilipodai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nikaambiwa bei ya risiti ni nyingine. Niliporudi na picha za shingo, muuzaji akanionyesha karatasi iliyobandikwa ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nikamwomba basi aniuzie walau kitana cha milimita 1 au 2. Hana. Duka la jirani hawana. Nilizunguka mitaa ya Aggrey, Narung'ombe na Sikukuu jua la saa saba, na kila mahali jibu lilikuwa moja, ninunue mashine nyingine nzima.

Kitana ni kipande cha plastiki cha kutosha kiganjani. Wafanyabiashara mnaoleta makontena ya mashine hizi, leteni na vitana vidogo, mviuze peke yake. Tutavinunua.