Boti ya alfajiri Ziwa Naivasha: pa kumtazamia tai mla samaki

Mkazi wa Mombasa anayetamani kumwona porini tai mwenye kichwa cheupe, yule wa nembo ya Marekani, ana njia mbili. Anaweza kusafiri hadi Amerika ya Kaskazini, kwani hapatikani bara jingine lolote, au anaweza kupanda treni Miritini akamtazame jamaa yake wa karibu, furukombe, katika Ziwa Naivasha. Njia ya kwanza ni ya mwenye uwezo, na mwenye uwezo huo namshauri asiishie kwenye bustani za wanyama bali afike Haines, Alaska, kwenye Mto Chilkat, ambako hifadhi ya tai hao ilianzishwa mwaka 1982. Huko, kuanzia Oktoba, tai hukusanyika kwa wingi kwa sababu maji yenye uvuguvugu yanayobubujika kutoka ardhini huzuia sehemu ya mto isigande, na samoni wa mwisho wa msimu huendelea kupanda wakati kwingineko chakula kimeadimika. Hapa nitaieleza njia ya pili, ambayo naipa nyota nne kati ya tano.

Nisingependa msomaji adhani kwamba furukombe ni mbadala hafifu. Ni mdogo kidogo kuliko tai wa Marekani, lakini weupe wake haukomei kichwani, bali huteremka hadi kifuani na kukutana na tumbo la rangi ya kahawia iliyoiva, jambo linalomfanya aonekane kutoka mbali hata akiwa amejificha juu ya mgunga. Sauti ndiyo inayompa ushindi. Ule mlio mkali unaosikika katika filamu nyingi tai wa Marekani anapopita angani si wake, kwa kuwa watengenezaji humwazimia mlio wa mwewe mwenye mkia mwekundu, ilhali wake mwenyewe ni mwembamba na wa kukatikakatika. Furukombe hahitaji kuazimiwa chochote: hurusha kichwa nyuma akaita, na mwenzake humjibu kutoka upande wa pili wa ghuba, dume kwa sauti ya juu na jike kwa sauti nzito zaidi.

Boti hukodishwa katika fuo kadhaa za upande wa kusini na mashariki, ukiwemo ufuo wa umma wa Karagita. Bei hupatanwa kwa boti nzima na kwa saa, si kwa kichwa, hivyo familia hupata nafuu kuliko mtu mmoja. Ondoka mapema iwezekanavyo, kwa sababu asubuhi maji hutulia na ndege huwa wanawinda, na alasiri upepo huinua mawimbi yanayotikisa darubini na kamera. Tangu maji ya ziwa yalipopanda mnamo mwaka 2020, migunga mingi ya kandokando ilizama mizizi na kufa, na mashina yake makavu yamebaki yamesimama ndani ya maji. Hasara hiyo, ambayo wakazi wa mabondeni waliilipia kwa nyumba zao, imewapa furukombe vituo wazi vya kuwindia, na boti hupita karibu navyo bila shida isipokuwa siku ambazo gugumaji limesukumwa na upepo likaziba njia.

Nyota niliyoibakiza inahusu samaki wa kutupwa. Waendesha boti wengi hubeba samaki wadogo, huwachomeka kipande cha funjo ili waelee, hupiga mluzi na kuwarusha majini, na furukombe aliyezoea mluzi huo hushuka mara moja mbele ya kamera. Nahodha wetu alipoambiwa asitupe, alishangaa: “Mzee, bila samaki huyu hashuki.” Alishuka, ila baada ya kungojewa. Mwenye kuridhika na picha hatajuta kutumia chambo, lakini mimi nilikwenda kumtazama ndege wa porini, na ndege waliojipanga wakisubiri mluzi hawatofautiani sana na paka wa Mji wa Kale wanaomsubiri mchuuzi wa samaki. Aidha, kipande cha funjo ndani ya samaki si chakula cha ndege yeyote. Anayengoja huona mengi ambayo chambo huyaficha: furukombe hukaa sehemu kubwa ya siku ametua tu, huhamisha macho taratibu, hujirusha na kukosa, hurudi, na akipata samaki mzito asiyeweza kumbeba humburura juu ya maji hadi ufukweni. Huwapora pia ndege wengine walichovua. Kwa hiyo patana kabla ya kupanda kwamba hakutatupwa samaki, na kwamba injini itazimwa mbele ya kila mti wenye tai.

Kuhusu usalama sina lawama. Tulipewa majaketi ya kujiokolea, na nahodha alikaa mbali na viboko, ambao ndio hatari ya kweli katika ziwa hili. Beba sweta nzito, kwa maana Naivasha iko takriban mita 1,880 juu ya usawa wa bahari na baridi yake ya alfajiri haizuiliki kwa leso. Tilapia wa kukaanga wa ufukweni ni mtamu, ingawa mtu wa Pwani ataulizia nazi na hataipata.

Safari yenyewe humaliza siku nzima, treni hadi Nairobi kisha matatu, na asiyeiweza ajaribu chemchemi za Mzima katika Tsavo Magharibi, zinazoletea Mombasa sehemu ya maji yake ya kunywa. Furukombe wapo, na hakuna wa kuwapigia mluzi. Huko hakuna boti, hutembea kwa miguu kando ya maji yenye mamba na viboko, na ndege huweza kutua ng’ambo mahali ambapo bila darubini nzuri utaona doa jeupe tu.